Kamba Juu ya Kamba

Ulipita Nyarugusu, huku kwenye machimbo ya dhahabu, usinikatalie. Ulikuwa ndani ya gari, ukaona watoto wa shule juu ya malundo ya mawe, nyundo mkononi, ukapandisha kioo kwa sababu ya vumbi. Ukajisemea, wazazi wao wapo. Ndiyo, tupo. Mimi Bujiku nipo, na sisahau. Basi leo usipandishe kioo, nikueleze habari ya mtoto mmoja na swali moja la hesabu.

Mtoto anaitwa Mbuke, yuko kidato cha pili. Sikumzaa mimi. Baba yake, Edward, ni mwenzangu wa shimoni tangu ujana, ndiyo maana ananiita baba mdogo. Mwaka huu alikuja mwalimu kijana, Herman, akaanzisha kozi ya hisabati kila Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa, kwa watoto wa kidato cha kwanza na cha pili. Bure. Ila viti vilikuwa ishirini, kwa hiyo akaweka mtihani. Mbuke aliitaka kozi ile mpaka akawa hali vizuri. Alifua sare siku mbili kabla, akailaza chini ya godoro ipate mistari.

Majina yalipobandikwa mlangoni, alikuwa wa ishirini na moja.

Hakulia. Alikuja kwangu, akaamkia, akaweka karatasi mezani. "Baba mdogo, naomba usome la tisa."

Nikasoma. Gogo la winchi lina kipenyo cha sentimita 28. Kamba imezungushwa mara hamsini. Tafuta urefu wa kamba. Mwalimu alitaka mita 44. Mbuke alikuwa ameandika mita 56 na nusu, na pembeni akachora gogo lililonenepa, kamba juu ya kamba, tabaka tano. Amekatwa kwa wino mwekundu. Alama za swali lile moja ndizo zilizomtoa nje.

Winchi ile iliyochorwa niliijua.

Miaka sita iliyopita tulikuwa tunamshusha Edward shimoni. Shimo lilikuwa na mita arobaini na nane. Mpini wa winchi niliushika mimi na mwenzangu, na mwenye kuhesabu mizunguko nilikuwa mimi. Shule niliachia darasa la nne. Hesabu nilijifunza mwenyewe kwenye madaftari ya watoto wa watu, nikajiona profesa. Nilikuwa nimepima gogo likiwa tupu: mzunguko mmoja, sentimita 88. Nilipofika mizunguko thelathini na tano, hesabu yangu ilisema zimebaki mita kumi na saba. Nikaachia mpini ukimbie.

Zilikuwa zimebaki tano.

Edward alivunjika nyonga. Wengine walisema bahati mbaya, wengine wakatafuta mchawi. Hakuna aliyeuliza habari ya hesabu, na mimi nikaona heri wasiulize. Mbuke alikuwa na miaka minane. Ndiye peke yake aliyekwenda kwenye winchi, akaifungua kamba yote, akailaza njiani mpaka kwa Mama Wema muuza chapati, akaipima kwa hatua zake. Akarudi akaniambia, "Baba mdogo, kamba ikipanda juu ya kamba, gogo linanenepa. Mzunguko wa juu ni mrefu kuliko wa chini." Hakuniambia nimekosea. Mpaka leo hajaniambia.

Kwa hiyo nilipouona ule wino mwekundu, nilivaa viatu nikaenda kugomba. Mbuke akanifuata mbiombio.

"Mwalimu," nikasema, "huyu mtoto umemwonea."

Herman akaitazama karatasi. "Shikamoo, mzee. Hesabu yake ni safi. Lakini swali halikusema kamba ina unene. Ameleta vipimo vyake mwenyewe."

"Marahaba. Wewe umewahi kuona kamba isiyo na unene? Ilete basi, nitaitafutia mteja."

"Baba mdogo, kaa," Mbuke akasema, taratibu tu, kama anavyomwambia baba yake anapotaka kuinuka bila fimbo. Nikakaa. Akamgeukia mwalimu. "Mwalimu, sikutaka kukubishia. Niliandika ya winchi yetu. Kamba sentimita mbili, mizunguko kumi kila tabaka. Naomba uje uione. Ukiona nimekosa, sitauliza tena."

Alikuja kwenye winchi alasiri ileile. Edward alikuwa kwenye benchi lake, mguu ameunyoosha.

"Mwadila, mwalimu," akamsalimu kwa Kisukuma. "Karibu uone kilichonivunja."

"Habari za mguu, mzee?"

"Mguu haujambo. Anayeumwa ni huyo Bujiku. Kila mvua ikinyesha ananiuliza nyonga inaendeleaje, utafikiri ni yake."

Mbuke akakamata mpini, tukaizungusha kamba mara hamsini, halafu tukaifungua na kuilaza njiani kama alivyoilaza siku ile. Herman akashika futikamba, akaenda ameinama mpaka kwa Mama Wema, ambaye aliuliza kama anapimiwa kiwanja. Mita hamsini na sita na nusu, na vidole viwili zaidi.

Yule kijana akakaa juu ya lundo la mawe, suruali nyeupe kwa vumbi. Akafungua mkoba, akatoa karatasi za watoto wote waliokosa nafasi, akazipitia moja moja. Nikaona uso wake unabadilika.

"Wako kumi na mmoja," akasema. "Kumi na mmoja wameandika zaidi ya arobaini na nne. Hawa wamechora matabaka. Niliwakata wote."

"Ni watoto wa winchi, mwalimu," Mbuke akamwambia, kama anayemwombea msamaha kwetu.

Jumamosi iliyofuata Herman alimpa Mbuke kiti chake mwenyewe, akisema yeye husimama tu. Wale kumi wengine walikaa kwenye mkeka nyuma ya ukumbi. Lakini mtu mmoja hawezi kufundisha watoto thelathini na mmoja, wengine sehemu, wengine aljebra. Akauliza nani atasimama na kundi la mkekani. Wazazi tuliowasindikiza tukatazamana.

Mbuke akanyoosha mkono. "Baba mdogo anaweza."

"Mimi? Wewe unajua mimi nilihesabu nini."

"Ndiyo maana," akasema. "Wewe huwezi kuikosea tena, ng'wanawane."

Neno hilo kwetu mzazi humwambia mtoto, maana yake mwanangu. Mkeka mzima ulicheka. Mimi nilitazama ubao kwanza, mpaka macho yaliponikauka.

Nimesimama nao Jumamosi saba sasa. Sehemu naziweza, asilimia naziweza, duara nalijua kwa uchungu wake. Aljebra imenishinda. Juzi Mbuke aliniuliza habari ya herufi mbili zisizojulikana katika swali moja, nikamwambia ukweli kwamba sijui. Akasema, "Tutampata anayejua."

Anayejua ni wewe. Ulisoma, ulifaulu, ukapita ukapandisha kioo. Jumamosi hii, saa mbili asubuhi, ukumbi wa kanisa, mkeka wa nyuma. Chaki ninayo. Watoto wamekaa. Njoo.