Mstari wa Mwisho wa Daftari la Kibandani

Kila Pasaka tunapanda mlimani na riwaya ya mauaji. Sisi Wanorwe ndivyo tulivyo: theluji, machungwa, na maiti kitabuni. Mimi ni fundi bomba, shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na tano, lakini riwaya za polisi nazimaliza.

Ijumaa Kuu ile tulikuwa wawili kibandani, nyumba ndogo ya mbao ya familia yetu huko mlimani, mimi na Gaute, mume wa marehemu dada yangu Ragnhild. Ragnhild alizama kwenye ziwa la karibu na kibanda miaka kumi na moja iliyopita, Pasaka vilevile. Barafu ilimpasukia. Gaute alisema yeye alikuwa mjini, na kibandani hakukanyaga tangu Februari. Mama alikufa akiamini bintiye aliponzwa na uzembe wake mwenyewe.

Gaute alikuwa nje akipasua kuni.

"Torgeir! Umeshampata muuaji, au bado unasoma kwa kidole?"

"Pasua kuni, shemeji. Acha domo."

Katika ukurasa wa mia mbili na kumi, mpelelezi alifungua daftari la kibanda. Na sisi tunalo. Aliyepo huandika habari za siku, na anayeondoka wa mwisho huandika: siku, baridi, gesi imefungwa, majivu yametolewa. Usipoandika, Mama alikuwa anakusema mwaka mzima. La miaka ile lilijaa, likatupwa chini ya benchi. Polisi waliona ajali tu, hawakuliulizia.

Nikalivuta. Nilitaka kuona mwandiko wa dada, basi. Niliukuta: Jumatano ya wiki ile aliyozama, theluji sentimita tisini, ameoka mikate. Chini yake, mstari wa mwisho wa ukurasa wa mwisho, zilikuwa herufi nene za Gaute.

"Alhamisi Kuu. Digrii nne chini ya sifuri. Gesi nimefunga. Majivu nimetoa."

Ragnhild alipatikana Jumamosi.

Gaute akaingia na kuni, shoka kwapani. Nililiweka daftari mezani, kando ya maganda ya machungwa.

"Soma."

Alisoma amesimama. Theluji ya viatu vyake ikayeyuka sakafuni.

"Nani kakwambia ulitafute hili?"

"Hakuna. Alikuwa hai ulipofunga gesi?"

Aliliegemeza shoka ukutani, taratibu, kisha akaketi.

"Mama yako angenigombeza," alisema. "Gesi lazima iandikwe."

Hilo ndilo jibu alilonipa. Sikuuliza tena. Shoka lilikuwa karibu naye kuliko mimi.

Nilitia daftari ndani ya koti, nikatoka, nikafunga miguuni mbao za kutelezea kwenye theluji. Barabara iko kilomita kumi na mbili chini, na simu haishiki mtandao mpaka hapo. Nilipogeuka alikuwa mlangoni, mikono mitupu.

"Torgeir! Hujaandika!"

"Andika wewe, shemeji. Wa mwisho ni wewe."