Maji ya Kijani ya Kihachi

Tomie alipima fungu la mwisho la chumvi kwenye mizani ya jikoni, gramu sitini. Akaikoroga kwa mkono katika bakuli la maji yaliyochotwa kwenye karai la samaki mpaka punje zikaisha, kisha akayamimina polepole ukingoni, mbali na samaki. Ndivyo alivyoelekezwa na Bwana Yasui kwa simu: gramu tano kwa kila lita, kwa mafungu matatu, bila haraka.

Siku tisa nyuma walikuwa wanane, samaki wa dhahabu wanene wasio na pezi la mgongoni, ukoo ambao marehemu mumewe, Kihachi, aliulea miaka thelathini na minne. Sasa walibaki wawili, wamelala chini kabisa, mapezi yamebana mwilini. Mkubwa alikuwa mwekundu mwenye shavu jeupe. Mdogo alikuwa na michirizi ya damu mkiani.

"Hodi, shemeji!"

Alikuwa Yasui, rafiki wa Kihachi, mfugaji mwenzake wa mtaa wa pili. Alishusha dumu kwenye baiskeli. Maji yaliyokuwamo yalikuwa ya kijani kibichi.

"Karibu, Bwana Yasui. Umetuletea chai?"

"Chai ya samaki. Wewe usiionje, utaota mapezi."

Tomie alitabasamu, mara ya kwanza tangu msiba. Yasui akachuchumaa, magoti yakalia. Akawatazama samaki kitambo kirefu, kisha akapitisha kidole kwenye ubavu wa karai.

"Umenunua jipya?"

"Ni lile lile."

Yasui akakitazama kidole chake. Hakikushika kitu.

"Nililisugua," Tomie akasema. "Kesho yake baada ya kumchoma marehemu na kuleta mifupa yake nyumbani. Jamaa walikuwa wanakuja kwa dua ya siku ya saba, nikasema wasikute uchafu. Nikamwaga yale maji yote mtaroni, nikasugua kwa brashi mpaka pakawa peupe kama bakuli la wali. Nikajaza ya bomba. Halafu nikawalisha vizuri, asubuhi na jioni, wasione kwamba mwenyewe hayupo."

Yasui akafuta kidole kwenye suruali. Alikuwa mtu wa kupima neno kabla ya kulitoa.

"Maji ya bomba yana dawa, inaunguza matamvua wanayopumulia," akasema hatimaye. "Na ule utelezi wa kijani ndio uliokuwa unakula mikojo yao. Ukiuondoa, wanaogelea kwenye choo chao wenyewe. Ukiwalisha tena, choo kinajaa."

"Miaka yote hiyo nilikuwa namwambia makarai yake yananuka. Yeye anacheka tu. Hakuniambia hata siku moja kwamba ndio uhai wao."

"Uliwahi kumwuliza?"

Tomie akatia mkono majini, ukabaki humo humo.

"Nisamehe, shemeji. Ulimi wangu mbio."

"Hapana," akasema. "Sikuwahi."

Yasui akaliegemeza dumu kando ya karai, wakangoja yale maji ya kijani yapate joto la uani. Wakanywa chai ya shayiri. Yasui akasema Kihachi alikuwa na uchoyo wa samaki wake: hata yeye, rafiki, hakupewa kifaranga hata mmoja. "Nikamwambia, basi nitamwiba mkeo. Akanijibu, mchukue huyo, ila usiguse karai."

Tomie alicheka, kisha kicheko kikageuka, akajifuta kwa ncha ya aproni.

Baadaye Yasui akachota kata mbili tu za maji ya kijani, akazimimina taratibu. "Leo mbili, kesho mbili. Kila asubuhi utoe theluthi ya maji, urudishe yaliyolala nje siku nzima, yenye chumvi ile ile. Chakula hakuna."

"Watakufa njaa."

"Mgonjwa huyu ukimlisha anachafua kitanda anacholalia. Mwache." Akamwangalia yule mdogo. "Huyu siwezi kukuahidi, shemeji. Mwenye shavu jeupe ana nguvu kidogo. Ni jike. Akipona, nina dume la kumwozesha. Ukoo utakuwa nusu wa Kihachi, lakini utakuwapo."

Alipoondoka, Tomie alirudi karaini. Mdogo alikuwa amegeuka ubavu, matamvua yametulia. Akamtoa kwa viganja viwili. Akamfunga katika karatasi nyeupe, akamzika chini ya ua wa miti, kando ya wale sita.

Mwenye shavu jeupe alikuwa palepale. Pezi moja la mkia lilikuwa limefunguka, au labda maji tu yalikuwa yamelitikisa. Tomie aliinama kutazama mpaka mgongo ukamuuma, asiweze kujua.

Akapanga ndoo mbili uani bila vifuniko, ili dawa ya bomba iruke kabla ya kesho. Akajaza ya kwanza. Ya pili ilipofika nusu alifunga bomba, akamgeukia yule mmoja aliyebaki karaini, kisha akalifungua tena.