Aliyekuja Kunisindikiza

Habari za kifo changu nilizisikia kupitia ukuta wa nyasi. Bwana Kasimiri, mganga msaidizi wa kambi yetu ya ndui, alikuwa nje akizungumza na mke wangu Tatu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuyasema maneno yaleyale mara nyingi mno.

"Dada, mumeo sina la kumfanyia. Vipele vimeungana uso mzima. Wa namna yake nimewaona, hawavuki. Lakini yule binti wa kibanda cha pili, Shilinde, anaweza kupona akipata mtu wa kumnywesha. Hana ndugu hapa."

Tatu alikuwa ametoka kisimani. Nilimsikia akihamisha ndoo kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

"Mimi nimemfuata mume wangu," alisema.

"Najua," akajibu Kasimiri.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Mimi, Mfaume, seremala mzaliwa wa Gongoni mjini Tabora, nilikuwa nimekwenda Kaliua kutengeneza madawati ya shule mpya. Sikuwa nimemaliza hata madawati ya darasa moja homa iliponiangusha. Watu walibishana ndui imetoka wapi. Wapo waliosema imeshuka na gari moshi la Mpanda. Bibi yangu, angekuwa hai, asingebisha. Yeye alikuwa akisema ndui ilitembea na misafara ya zamani, ikilala pale wapagazi walipolala, ikiamka nao.

Walitupeleka ng'ambo ya reli, kwenye vibanda vya nyasi vilivyojengwa harakaharaka, na njiani wakaweka mlinzi. Hakuna aliyeruhusiwa kupita isipokuwa aliyechanjwa, au aliyewahi kuugua akapona. Tatu aliugua utotoni. Makovu ya mashavuni, ambayo tangu usichana alikuwa akiyafunika kwa ushungi, siku ile aliyafunua mwenyewe mbele ya mlinzi, naye akapishwa.

Kasimiri alikuwa na wahudumu wawili tu, na kisima kilikuwa mbali. Kila asubuhi aliinama juu ya kila mkeka, akatazama uso, akageuza viganja, akauliza kama mgonjwa ameweza kumeza. Penye vipele vilivyoachana, ngozi ikaonekana katikati, mtu yule mara nyingi alipona. Vilipoungana vikawa kitu kimoja, koo likafunga na macho yakavimba yasifunguke, alijua. Dawa ya ndui hakuwa nayo, wala hakuna aliyekuwa nayo. Alikuwa na maji, uji, na mikono michache, ikambidi aamue mikono hiyo iende kwa nani.

Sikumchukia. Nitasema jambo ambalo watu hawapendi kulisikia: neno lake lilinipumzisha. Nilikuwa nimechoka kuugua. Kila pumzi ilikuwa kazi, na kila mara Tatu aliponibembeleza nimeze, nilimeza kwa ajili yake, si kwa ajili yangu. Sasa mtu mwenye elimu alikuwa amesema kazi imekwisha, naweza kuweka mzigo chini.

Tatu aliingia, akakamua kitambaa, akanipangusa shingo. Sikuweza kumwona, macho yalikuwa yamefungwa na uvimbe. Niliona mikono yake tu, kwa namna ya kuisikia.

"Nenda kwa Shilinde," nilimwambia.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Nenda, Tatu. Mimi nimechoka."

Alikaa. Kisha akaniwekea kitambaa kibichi kifuani, akaondoka bila kuniaga, kwa sababu, kama alivyoniambia baadaye, kuniaga kungekuwa kukubali.

Siku zilizofuata nazikumbuka kwa vipande. Joto la mchana, nzi, harufu yangu mwenyewe. Tatu alikuja kila alipopata nafasi, akanigeuza ubavu, akarudi kwa yule binti. Na jioni, jua likiwa bado halijatua, alikuja mtu mwingine. Alikaa chini kwa uzito kando ya mkeka, akachovya pamba katika kikombe, akanidondoshea maji kwenye ulimi, tone baada ya tone. Wakati mwingine nilimsikia akisinzia, kichwa kikigonga nguzo, kisha akizinduka na kuendelea. Kwa kukohoa kwake nilimtambua kuwa ni Kasimiri.

Sikuwa na nguvu ya kumkatalia. Nilimeza kwa kuwa maji yalikuwapo.

Homa ilishuka. Magamba yakaanza kubanduka. Asubuhi jicho langu la kushoto lilipofunguka, Kasimiri alikuwa ameinama juu yangu, akanitazama muda mrefu kama mtu aliyepotea njia anayoijua.

Siku ya kutoka kambini nilimshukuru kwa matibabu. Alitikisa kichwa.

"Sikuwa nakutibu, ndugu yangu," alisema. "Nilikuwa nakusindikiza. Sikutaka uende na kiu."

Shilinde alipona pia, kama Kasimiri alivyotabiri, ingawa jicho moja lilikufa. Alimshika Tatu mikono yote miwili, akazungumza naye Kinyamwezi kwa muda, kisha akashika njia ya kwao. Hatukumwona tena.

Tulirudi Gongoni, tukiwa wawili wenye nyuso za aina moja. Jambo lile hatukulizungumza kwa miaka, mpaka siku moja Tatu, akipepeta mchele, aliniuliza kama niliwahi kumwekea kinyongo. Nilimwambia mimi ndiye niliyemtuma. Akasema, "Ulinituma, lakini miguu ilikuwa yangu," akaendelea kupepeta.

Kasimiri nilimwona mara moja tena, miaka ya Operesheni Vijiji. Niliitwa kwenye kijiji cha Ujamaa njia ya Kaliua kutengeneza milango ya zahanati, nikamkuta huko, mvi zimemjaa, mgongo umepinda. Surua ilikuwa imeingia kijijini. Watu walikuwa wamehamishwa karibuni, hata mwaka haujatimia. Nyumba nyingine zilikuwa hazijapata paa, na watoto walikuwa wakiugua kwa zamu.

Nikiwa napiga randa barazani, mama mmoja kijana, Kashindye, alimleta mwanawe aliyekuwa akihema kwa mbavu. Kasimiri alimpokea, akamtazama, akamgeuza viganja. Kule kutazama nilikujua, ingawa mwenyewe nilipotazamwa hivyo macho yangu yalikuwa yamefungwa.

"Atapona?" aliuliza mama.

"Sijui, mama. Kaa naye hapa kivulini. Mnyweshe kidogokidogo, usiache."

Mama alipokwenda kukaa kivulini, niliweka randa chini.

"Kweli hujui?"

"Najua," alisema Kasimiri. Alikuwa akijaza maji katika birika. "Lakini hata wewe nilijua huvuki."

Akalibeba birika, akaenda kukaa chini karibu na Kashindye. Walipokezana kikombe mchana kutwa. Mtoto alifariki kabla ya magharibi. Kasimiri alimfumba macho, akakaa na yule mama mpaka majirani zake walipokuja kumchukua yeye na mwanawe. Kisha akainuka kwa kushika ukuta, akanawa mikono, akauliza ni nani anayefuata.