Breki Kwanza, Tika Baadaye

Asubuhi ya siku ya tika nilisiriba ua wangu kwa udongo mwekundu na samadi, kama ninavyofanya kila sikukuu ya Dashain. Ulikuwa umekauka vizuri, hauna alama ila za kuku, gari la doria la kituo chetu cha polisi lilipoingia na kusimama katikati yake.

"Nirmaya, ua huo nimeusiriba kwa mikono hii," nikamwambia binti yangu, aliyekuwa kwenye usukani.

"Nikiliacha barabarani, mama, basi la Butwal litapita wapi? Juu ya paa?"

Hakukosea. Barabara yetu imekatwa ubavuni mwa mlima, na chini ya nyumba yangu inateremka kona baada ya kona hadi darajani. Siku hiyo askari walikuwa wanakwenda huko, kulinda watu kwenye bembea za mianzi za sikukuu. Walipitia kwangu kwanza kwa sababu mkuu wa kituo, Lokman Saru, ni wa ukoo wa marehemu mume wangu na ananiita mama mdogo. Dashain haiangalii vyeo. Mdogo humwendea mkubwa, huinamisha kichwa, hubandikwa tika, mchele wa baraka, kwenye paji la uso na kuombewa. Pamoja nao alikuwa koplo Hastabir, ambaye macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye sufuria ya nyama ya mbuzi.

Wakakaa mkekani. Mimi nikaenda kwenye chumba cha ibada kuchukua sahani: mchele mweupe uliokorogwa na mtindi, na miche ya manjano ya shayiri ya kuwachomeka sikioni. Nikirudi nikapita nyuma ya gari. Karibu na gurudumu la kushoto udongo wangu ulikuwa na doa lililoloa, linang'aa.

Siku iliyotangulia tulikuwa kituoni kuliombea gari lile, kama magari yote ya Nepal yanavyoombewa siku hiyo. Jogoo alichinjwa, damu ikanyunyizwa magurudumuni, yakamwagiwa maji na maziwa. Chini ya magari kila mahali palikuwa pameloa, na nani angeuliza ni maji gani? Magurudumu hayo hayaoshwi mpaka sikukuu ipite. Kuyaosha ni kufuta baraka. Lakini uani kwangu hakuna aliyemwaga kitu. Nikachovya kidole. Yalikuwa mafuta mepesi yanayoteleza. Nina stashahada ya kilimo, na kwa miaka mingi nimeendesha gari la maziwa la ushirika kwenye kona hizi hizi. Mafuta yale nayajua: ni ya breki.

"Nirmaya, njoo. Breki ikoje?"

"Inazama kidogo. Nikiikanyaga mara mbili tatu inashika."

"Tangu lini?"

"Tangu mwisho wa mvua. Nimemwambia mkuu, mama. Naye amewaambia wa makao makuu. Wakasema karakana imefungwa, tusubiri sikukuu iishe."

"Na wewe ukazoea."

Akainama kulitazama doa. Huyo ndiye mwanangu pekee aliyebaki nyumbani, na alikuwa karibu kuwateremsha wenzake wawili hadi mtoni kwa pedali ya kubembeleza.

Nikarudi mkekani. Saru alikuwa ameshavua kofia na kuinamisha kichwa, mikono imefumbatana. Nikachota mchele kwa vidole, nikausogeza karibu na paji lake, mkono ukakataa.

"Mama mdogo?" akasema bila kuinua uso.

"Siwezi, Lokman. Tika ina maneno yake. Nikuombee umri mrefu halafu upande gari lile? Nitakuwa namdanganya mungu na sahani nimeishika."

Kumwacha mtu paji tupu siku hiyo ni tusi. Paji tupu ni la mfiwa. Saru akainua macho, masikio yamemwiva.

"Unanivunjia heshima mbele ya vijana wangu?"

"Breki kwanza, heshima baadaye. Washa gari, kanyaga pedali, usiiachie. Ikisimama imara nitakuomba radhi hapa hapa na nitakupa paja zima la mbuzi."

"Mkuu, kanyaga," akasema Hastabir. "Paja la mbuzi si jambo la kupuuza."

"Wewe nyamaza."

Akasimama. Kama angeondoka ningemlaumu, lakini hakuna ambaye angeniunga mkono. Yeye alikuwa na bastola na cheo, mimi nilikuwa na sahani ya mchele. Akaingia garini, akawasha, akakanyaga. Kupitia mlango uliokuwa wazi tuliiona pedali ikishuka polepole chini ya kiatu chake, kama mguu unaozama kwenye tope, mpaka ikagusa sakafu. Akaikanyaga tena. Safari hii haikushika hata kidogo. Nyuma ya gurudumu, doa likanenepa.

Akazima gari. 

"Binti yako aliniambia mara mbili," akasema. "Mara ya pili, jana, nikamjibu gari limeshaombewa."

"Limeombewa. Ndiyo maana limevujia uani kwangu na si kwenye kona."

Akapiga simu wilayani. Sauti ya mkubwa wake tuliisikia sote: daraja litalindwa na nani, siku kama ile, bila gari? Saru akasubiri imalizike. "Tutalinda kwa miguu, bwana. Gari haliondoki hapa." Akanikabidhi ufunguo, akavaa kofia juu ya paji tupu, wakashuka watatu kwa njia ya ngazi za mawe. Hastabir alibeba nyama kwenye jani.

Fundi alikuja sikukuu ilipoanza kupoa. Bomba la breki lilikuwa limeliwa na kutu pale linaposuguana na chuma. Alilishika kwa vidole viwili likakatika kama kijiti cha kuwashia moto. Saru akalipeleka wilayani likiwa limefungwa kwenye gazeti, akasimama mpaka magari mengine ya doria yakainuliwa na kukaguliwa. Moja lilikuwa na ugonjwa huo huo. Alikaripiwa kwa kelele alizopiga. Karipio hilo alilipokea kwa ajili ya binti wa mtu, na mtu huyo ni mimi.

Tika hupokelewa mpaka mwezi upevuke. Siku ya mwisho alipanda kwa miguu, akakaa mkekani, akainamisha kichwa. Nilimbandika mchele mwingi hata ukamdondokea puani, nikasema maneno yote bila kuruka hata moja. Nikaongeza langu: mungu akupe wakubwa wenye masikio kama yako.

"Na paja la mbuzi?" akauliza.

"Breki haikusimama. Kula mikate."

Nirmaya akamrudisha kwa gari lile, lililokuwa limetiwa bomba jipya. Nikasimama ukingoni mwa ua kuwatazama. Kwenye kona ya kwanza taa nyekundu zikawaka, gari likapungua mwendo, likakata kona taratibu.