Kisiwani Alikozaliwa Délice

Siku wazee wa upande wa Luc walipofika Luvungi kuposa, mmoja wao aliuliza, kinywaji kikiwa kinazunguka, binti alizaliwa wapi. Lilikuwa swali la kujaza mazungumzo tu. Nsengiyumva, baba mwenye nyumba, alikuwa ameshafungua kinywa kujibu "hapahapa", lakini mkewe Bernardine akamtangulia.

"Alizaliwa mu kisiwa," akasema. "Kule mbele ya Baraka, katikati ya maji."

Wageni wakacheka, wakidhani mama mkwe anawatania. Watu wa bonde la Ruzizi huzaliwa penye mpunga na mihogo. Ziwa wanalionea Uvira, wakishuka kwa shughuli zao, kisha wanapanda gari na kurudi. Bernardine hakucheka. Wageni walipoaga, mambo yakiwa yamekwenda vizuri, alibaki ameketi na sufuria mapajani bila kuiosha, na Délice, huyo binti mwenyewe aliyeposwa, akamkuta hivyo.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwe. Ninawaza. Weye unaenda kuolewa, na minye sijarudi hata mara moja kule kusema asante."

Délice alikuwa akiijua habari hiyo tangu utotoni, kipande kipande, jinsi watoto wanavyojua mambo yanayosemwa jikoni. Ilikuwa wakati wa vita. Bernardine alikuwa na mimba yake ya kwanza; mumewe alikuwa amekwenda ng'ambo ya Burundi kutafuta kazi, na njia zikafungwa. Bunduki zilipoanza kusikika bondeni, alishuka Uvira kwa miguu pamoja na majirani, na pale bandari ya Kalundu wakajisukuma ndani ya boti kubwa ya mbao iliyokuwa inaelekea Tanzania. Walipoikaribia rasi ya Ubwari, moteri ilikata. Upepo ukaichukua boti kama jani, ukaipeleka ulikotaka, na uchungu ukamshika Bernardine humohumo, kati ya mizigo na watu wanaosali. Kulipopambazuka waliona ufuko mweupe. Mwanamke mmoja aliingia majini mpaka kiunoni, akamshika kwapani, akamtoa. Katika nyumba ya mwanamke huyo Délice alizaliwa.

Bernardine hakulijua jina la mwenyeji wake. Labda aliambiwa, na maumivu yakalifuta. Alichokumbuka ni mikono, na sauti iliyokuwa ikimwambia asukume, na kwamba hakuna hata mmoja kisiwani aliyewauliza ni watu wa kabila gani. Walilishwa samaki na bugali mpaka boti ikatengenezwa, wakaenda zao. Baadaye yakaja maisha: kambi, kurudi nyumbani, kumpata tena Nsengiyumva, shamba, watoto wengine. Kila mavuno Bernardine alisema sasa nitakwenda, na kila mavuno palitokea jambo la kuyala.

Safari hii hakungoja. Nsengiyumva alinung'unika kidogo.

"Na ndege? Nani atafukuza ndege mu mpunga?"

"Weye," Bernardine akamjibu.

Mzee akacheka, akashindwa. Lakini ndiye aliyejaza mfuko kwa mchele mpya, akaushona mdomo mwenyewe kwa sindano kubwa, na alipoupandisha kwenye gari alishika mkono wa mkewe kwa muda mrefu kuliko kawaida yake mbele za watu. "Uwaambie na minye pia. Walinichungia bibi na mutoto, na minye sikuwako."

*

Katika boti ya kwenda Baraka, Délice alitapika njia nzima, gilet, ile fulana ya kujiokolea, imemkaba shingo. Bernardine alikuwa amejiandaa kutetemeka. Tangu vile vita hakuwa amekanyaga tena chombo cha majini, na usiku uliotangulia aliota moteri inakata. Lakini ziwa lilikuwa limelala, na upande wa kulia milima iliteremka mpaka majini na mashamba yake yamebandikwa mlimani kama viraka vya nguo. Alijikuta anatazama, tu. Hapo zamani alipita njia hii akiwa ameinamisha kichwa, hakuona kitu.

Walilala Baraka kwa mama mmoja wa parokia. Asubuhi wakamtafuta mwenye mtumbwi, wakampata Placide, kijana mnene mwenye moteri ndogo, anayepeleka chumvi na sabuni visiwani na kurudi na samaki.

"Kule munaenda kufanya nini?" Placide aliuliza. "Hakuna soko, hakuna barabara. Réseau ya simu inakuja ikipenda."

"Tunaenda kusalimia."

Placide akauangalia ule mfuko. "Kusalimia na muchele yote hii?" Lakini aliubeba.

Kisiwa kilitokea polepole: kwanza giza jembamba juu ya maji, kisha miti, kisha ule mchanga. Bernardine alikuwa amejiambia mara nyingi kwamba ule weupe aliutia mwenyewe, kwa sababu mtu aliyeokoka huona kila kitu kizuri. Kumbe haukuwa uongo. Mchanga ulikuwa mweupe kweli, bila nyayo wala chupa ya plastiki, na maji yalikuwa maangavu kiasi kwamba walipozima moteri waliona vivuli vya samaki wadogo wa rangi vikikimbia juu ya mawe chini kabisa. Nyumba chache za udongo zilisimama nyuma ya michikichi. Hapakuwa na sauti ila maji na kuku.

"Mama," Délice alisema, uso umeanza kurudiwa na rangi yake, "mbona hukuniambia ni pazuri hivi?"

"Sikujua," Bernardine akajibu, na ilikuwa kweli.

*

Wanawake walikuwa wanaanika ndagala, dagaa wa ziwa hilo. Walinyanyuka, wakapangusa mikono, wakawasalimu wageni mmoja mmoja, bila haraka, wakauliza habari za Baraka na habari za njia. Bernardine alitoa salamu zote zinazotakiwa, kisha akasema anamtafuta mama aliyekuwa akizalisha watu wakati wa vita.

"Huyo ni Mama Victoire," walisema kwa pamoja, wakamwonyesha.

Alikuwa ameketi chini kwenye kivuli cha mtumbwi uliopinduliwa, anachambua ndagala, miguu ameinyoosha mbele. Mwembamba, nywele zimekuwa nyeupe zote. Bernardine alikuwa ameyaandaa maneno yake tangu Luvungi. Aliyasema kimoyomoyo ndani ya gari, ndani ya boti, kitandani Baraka. Sasa yote yalimpotea. Alipiga magoti mchangani, akamshika yule mama mikono yote miwili.

"Mama, ni minye. Nilizala kwako. Ulinishika kwapani, ukanitosha mu maji. Mutoto wenyewe ni huyu."

Mama Victoire alimtazama muda mrefu. Akamtazama Délice. Akarudi kwa Bernardine, akimchunguza paji la uso, macho, kidevu, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni.

"Mwanangu," akasema mwishowe, "sikukumbuke."

Wanawake wengine wakaacha kuanika.

"Ningeweza kukudanganya, ufurahi. Lakini batu walikuwa wengi. Boti zilikuwa zinakuja zingine juu ya zingine. Nimezalisha wangapi mu ile nyumba, Mungu peke yake anajua."

Miaka yote hiyo Bernardine alikuwa amelibeba jambo hili kana kwamba ni la watu wawili, yeye na mwanamke huyu, kamba iliyofungwa ncha mbili. Sasa aliona ncha moja haikuwa imeshikwa na mtu. Akaachia mikono. Délice alimwekea kiganja begani.

Lakini Mama Victoire alikuwa ameshasogeza ungo pembeni.

"Ikala," akasema, akimwonyesha mahali pa kuketi kando yake. "Ikala hapa, uniambie. Ulifika? Kule mulikuwa munaenda, mulifika?"

"Tulifika."

"Na mutoto alinyonya muzuri? Hakuugua?"

"Aliugua surua, akapona."

"Ulirudi kwenu? Nyumba uliikuta?"

Bernardine alianza kujibu, na alipokuwa akijibu aliona macho ya yule mama yamejaa maji. Mama Victoire hakuyapangusa.

"Unajua," akasema, "hakuna aliyerudiaka. Walikuwa wanapanda boti, tunawapungia mkono, basi. Upepo ukivuma minye ninauliza: wale walifika? Yule mwenye mapacha, alifika? Miaka yote hii ninasali kwa ajili ya batu ambao sijui kama wako hai ao walikufa. Weye ndiye wa kwanza kurudi. Usihuzunike kwa sababu sikukumbuke. Minye ndiye ninakushukuru."

Habari ilienda nyumba kwa nyumba. Wanaume waliacha nyavu zao, vikongwe wakaletwa kwa kushikwa mkono, na kila aliyekuwa mtu mzima wakati ule alikuwa na mtu wake wa kuuliza. Sista aliyevunjika mguu? Bernardine hakumjua. Mama wa mapacha? Hakumjua, hakuwa wa boti yao. Alikuwa anaona aibu kujibu "sijue, sijue", lakini hawakumchoka, waliendelea kuuliza. Ndipo mzee mmoja, Jean-Berchmans, fundi wa mitumbwi, akasema:

"Na yule aliyekuwa analilia baiskeli?"

Bernardine alishtuka. "Baiskeli nyekundu?"

"Nyekundu! Alikataa kushuka mu boti bila baiskeli. Tulimutosha yeye na baiskeli yake, batu wawili baiskeli, batu wawili yeye!"

"Frédéric! Hiyo ilikuwa boti yetu!"

Mama Victoire akapiga makofi. "Boti ya baiskeli! Basi weye ni wa boti ya baiskeli!" Akamtazama Bernardine upya. "Uso bado sikumbuke. Lakini ile asubuhi ninaikumbuka muzuri. Nilikuwa nimetia maji ya bugali motoni."

"Frédéric yuko?" Jean-Berchmans aliuliza, na watu wote wakasogea karibu.

"Yuko Kamanyola. Anauzisha mafuta ya mawese. Ana wajukuu. Baiskeli alishaitupa, sasa anapanda pikipiki."

Ufuko wote ulilipuka kwa kicheko. Mzee Jean-Berchmans alicheka mpaka akaketi chini, akirudia "pikipiki, pikipiki", na Bernardine akaona kwamba anacheka na kulia kwa wakati mmoja, kama mtu aliyeletewa habari za ndugu yake wa tumbo.

*

Mchele ulipikwa siku ileile, kwenye masufuria yaliyokusanywa kila nyumba, na samaki wa mukeke wakachomwa kando ya maji. Walikula wote pamoja, watoto kwanza. Bernardine alitaka kusaidia kupakua, akanyang'anywa mwiko.

Placide alikuwa amesema atarudi kuwachukua kesho yake, lakini ziwa lilichafuka na hakuja. Bernardine alihangaika asubuhi hiyo, akiwaza ndege na mpunga, akiwaza mume anayekula viazi baridi. Akaomba jembe, akaambiwa hakuna shamba la kulimwa leo. Akaomba ungo wa ndagala, Mama Victoire akaukalia.

"Mara ya kwanza ulikuja hapa ukafanya kazi kubwa kuliko zote," yule mama alimwambia. "Leo pumzika."

Badala yake akawapeleka kuona mahali nyumba ilipokuwa. Ilishaanguka zamani, palikuwa na matuta ya viazi vitamu, majani yametambaa mpaka kwenye mawe matatu ya jiko la zamani. Délice alivua viatu bila kuambiwa. Alisimama katikati ya majani, kisha akauliza kitanda kilielekea upande gani. Mama Victoire alifikiri, akamgeuza mabega taratibu mpaka akaelekea ziwani.

"Hivi. Mulango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto. Kitu cha kwanza kila mutoto aliona hapa ni maji."

Bernardine alikuwa akisimulia kuzaliwa kwa mtoto huyu kama balaa waliyoiponyoka. Kwamba palikuwa na mlango wazi, na mwanga, na ziwa zuri namna hii likimtazama mwanawe, hilo hakuwahi kulijua. Alimshukuru Mungu palepale, kwa Kirundi, kwa sauti, na Mama Victoire asiyejua Kirundi akaitika Amina.

Mchana alikaa ufukoni bila kazi. Nyumbani kwao, kando ya barabara ya Bukavu, makelele ya malori na pikipiki hayakomi toka alfajiri, na alikuwa ameyazoea hata hakujua kwamba yanachosha. Hapa alisikia pumzi yake mwenyewe. Délice alikuwa majini na wasichana wa kisiwa, wanamfundisha kuelea chali, anapiga kelele na kucheka, yeye aliyetapika safari nzima. Mama Victoire akaja kuketi karibu, wakakaa hivyo, wawili, wakimtazama.

Upepo ulikata. Asubuhi iliyofuata moteri ya Placide ilisikika kwa mbali, kisha mtumbwi wenyewe ukaja ukasugua mchanga. Mizigo ilikuwa tayari: ndagala wakavu waliofungwa kwa majani, mkeka aliopewa Délice, na salamu nyingi za kumpelekea Frédéric wa Kamanyola.

"Twende, mama," Placide aliita. "Ziwa ni muzuri sasa."

Bernardine aliliangalia ziwa. Kweli lilikuwa zuri. Aliangalia mizigo, akamwangalia binti yake, ambaye alikuwa anamwomba kwa macho kama alivyokuwa akiomba miwa utotoni.

"Uuzishe sabuni yako kwanza, mwanangu," akamwambia Placide. "Sisi tutaenda kesho."

Kisha akakaza kitenge chake kifuani, akashika mkono wa Mama Victoire, na wakaingia majini polepole, mpaka kiunoni.