Bodi Zilizomwamkia Apolonia

Saa nne asubuhi, kwenye kibanda chake cha Manzese, Apolonia alichora kwenye skrini njia ya mwisho ya shaba, akiinua mkono kutoka kwenye kipanya cha kompyuta kila basi la mwendokasi lilipopita na kuitikisa meza. Ilikuwa bodi ya kubebea kompyuta. Kompyuta yenyewe, ndogo kama kiberiti, huchomekwa juu yake ipate umeme, mtandao na mahali pa kuunganisha nyaya. Bodi arobaini zingekwenda kwenye zahanati arobaini kulinda majokofu ya chanjo, zikipima joto na kupiga kengele likipanda. Hakuwa na wasiwasi na mchoro wake hata kidogo. Miaka thelathini ya kutengeneza redio ilikuwa imemfundisha umeme unapenda kupita wapi.

Pembeni, kwa wino mweupe, aliandika jina lake, kama wabunifu wa bodi wafanyavyo. Redio zote zile hazikuwahi kubeba jina lake, na jambo hilo lilimuuma. Hii ingelibeba.

Bodi ziliporudi kutoka kiwandani, jina lilikuwa limefutwa. Mahali pake paliandikwa "Imebuniwa Ulaya".

"Mama, ishu ni wateja," alisema Brightson, mkurugenzi wa kampuni iliyoagiza kazi. "Wakisikia Manzese hawanunui."

"Kwani umeme wa Manzese una rangi gani?"

Brightson akatazama simu yake.

Mafundi wa kampuni walichomeka kompyuta, wakawasha. Kimya. Walipima volti siku tatu, zikawa sawasawa. Siku ya nne wakamwita Apolonia ofisini Mwenge. Alipovuka kizingiti tu, taa arobaini za kijani ziliwaka, na spika ndogo za kengele zikasema kwa pamoja, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu," alijibu, akatua mkoba. Mashine zikaanza kusoma joto. Fundi mmoja aliandika kwenye daftari: tatizo ni salamu, limeisha.

Halikuisha. Kila asubuhi ziliamkia upya, na bila kuitikiwa naye hazikufanya kazi. Kwa kuwa mtu mmoja hawezi kuzunguka zahanati arobaini kabla ya chai, Brightson aliomba kurekodi sauti yake ili aipakie kwenye kila mashine.

"Na jina langu?"

"Toleo lijalo, mama."

Apolonia alikasirika, tena sana. Lakini watoto wanaosubiri chanjo hawakuwa wamemkosea, akarekodi.

Uzinduzi ulifanyika Kawe. Mgeni rasmi alibonyeza kitufe, mashine ikaamkia, sauti ya Apolonia ikaitikia kutoka ndani yake. Mgeni rasmi aliguswa, akawataka vijana waige adabu ya wataalamu wa Ulaya. Watu wakapiga makofi.

Apolonia alikuwa amekaa kiti cha nyuma kabisa. Mashine ikamtambua, ikasema tena, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," aliitikia, safari hii kwa mdomo wake mwenyewe.

Mshereheshaji akamwomba yule mama wa nyuma apunguze kelele, wageni wasikie vizuri.