Mara Mbili, Ongeza Thelathini

Nimefundisha hisabati shule za msingi hapa Kilosa miaka thelathini na moja, na sijawahi kumwomba mtu anifanyie hesabu. Aibu yangu iko hapo hapo, kwa hiyo naitaja mapema nisije nikaanza kuizunguka.

Mwezi wa nane kideri kilipita mtaani kwetu kikamaliza kuku wote wa mke wangu, Paulina. Walikuwa kishingo, wale wasio na manyoya shingoni, ukoo mmoja tangu kwa mama yake kule Malolo. Mama alifariki, nyumba ikauzwa, kuku ndio waliobaki. Sasa nao walikuwa wamekwisha, isipokuwa mayai arobaini na mawili aliyoyaweka kwenye kapu la pumba kabla ugonjwa haujaingia bandani.

"Sina kingine cha mama," aliniambia, akalia bila kuficha uso.

Kaka yake, Elia, akatutumia kutoka Dar mashine ya kutotolesha ya mtumba. Mudathir, bwana mifugo, alikuwa ameshatuandikia kwenye karatasi: nyuzi joto 37.5 za Selsiasi, siku ishirini na moja. Mashine ilipofika, tukakuta inasoma Farenhaiti.

"Nimpigie Mudathir?" Paulina akauliza.

"Wa nini? Si mimi nipo."

Babu yangu alikuja Kilosa na kazi ya reli, na joto alilijua kwa kipimajoto cha Farenhaiti kilichotundikwa kazini kwao. Redio ilipoanza kutangaza Selsiasi, alijitengenezea njia yake ya mkato: zidisha mara mbili, ongeza thelathini. Alimrithisha baba, baba akanirithisha mimi, na nyumbani tulijivunia kama watu wengine wanavyojivunia shamba. Thelathini na saba na nusu mara mbili ni sabini na tano. Ongeza thelathini, mia na tano. Nikabonyeza mpaka 105 ikatokea, nikapiga na mluzi.

Siku ya saba, Paulina akiwa sokoni, nilijifungia stoo nikapitisha mayai mbele ya tochi, moja moja. Yai lililo hai huonyesha mishipa iliyotawanyika kama mizizi. Lililokufa huonyesha duara la damu. Thelathini na sita yalikuwa na duara. Sita tu, yaliyokuwa kwenye kona karibu na tundu la hewa, yalikuwa na mishipa, na kidoa cheusi kinachochezacheza katikati.

Nikakaa sakafuni, nikafanya hesabu kwa kanuni ile niliyowachapia viboko watoto wa watu: zidisha kwa tisa, gawa kwa tano, ongeza thelathini na mbili. Tisini na tisa na nusu. Njia ya babu inakaribia ukweli wakati wa baridi. Joto likipanda, nayo inazidi kudanganya. Nilikuwa nimeyapika mayai ya mama mkwe wangu wiki nzima.

Nikashusha joto. Sita yanatosha, nilijiambia. Jogoo mmoja na majike mawili, ukoo unaendelea. Ningemweleza Paulina vifaranga wakishatoka, akiwa na furaha ya kunisamehe.

"Yanaendeleaje?" aliuliza aliporudi.

"Vizuri."

Kesho yake alfajiri nikaitwa Mikumi kwenye msiba wa binamu yangu, Filipo. Nilikaa siku nne. Kila siku nilipiga simu kuulizia mashine, na kila siku Paulina alijibu kwamba anaiangalia mwenyewe.

Niliporudi nilikwenda stoo hata kabla ya kuvua viatu. Kioo kilisoma 105.

"Asubuhi ile ulipoondoka nilikuta imeshuka hadi tisini na tisa," Paulina alisema nyuma yangu. "Nilishtuka, nikasema Mwalimu alisema mia na tano. Nikairudisha. Tangu hapo nalala humu humu stoo, isije ikashuka tena."

Mkeka wake ulikuwa umekunjwa kando ya mashine.

Nilimwomba aniwekee maji ya kuoga. Alipotoka nilichukua tochi, nikayatazama yale sita ya kwenye kona. Duara sita. Nikayarudisha kila moja mahali pake, nikafunga mfuniko.

Nje, Paulina alikuwa ameweka ndoo ya maji kivulini, naye ameinama bandani akitandaza pumba mpya.

"Mwalimu," aliniita, "zimebaki siku ngapi?"

Nikamwambia tisa.